Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar: Anayewekwa karantini asipewe bili

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia wakati ndege zinatua kiwanja chetu cha Kisauni kama kawaida, wageni wanatoka na mabegi yao, na dawati la afya pale ndani linauliza kadi ya njano kwa wanaotoka nchi zenye homa ya manjano. Wakati huu nimeuchagua makusudi. Maradhi yakishaingia, sheria huandikwa usiku, husomwa asubuhi na kubadilishwa mchana, na anayeumia ni yule aliyekuwa kazini saa ileile ilipobadilishwa.

Mimi ni dereva wa wageni. Nasimama nje na kibao cha jina, mgeni anatoka, nampokea begi, tunapanda gari, napandisha vioo, nawasha kiyoyozi, tunakwenda Nungwi. Ni kama kilomita 60, na kwa foleni ya Mwanakwerekwe na Amani si safari ya dakika chache. Kwa maradhi yanayosafiri kwa pumzi, hakuna pahala pazuri kuliko gari iliyofungwa namna hiyo. Nikishamshusha, anapokewa na mbeba mizigo, kisha mama anayetandika kitanda, kisha nahodha wa boti ya Mnemba, na papasi, dalali wa wageni wa ufukweni, ambaye hakualikwa lakini hakosi. Fomu ya afya ya kiwanjani inamuuliza mgeni ametoka wapi na atalala wapi. Haimuulizi ameendeshwa na nani.

Ombi langu ni hili. Iandikwe sasa, kwa sheria au kanuni iliyotangazwa, kwamba mtu yeyote anayezuiliwa na serikali kwa sababu ya maradhi ya kuambukiza, awe mgeni au mwenyeji, halipi hata senti kwa kipimo, chumba wala chakula. Na mfanyakazi anayezuiliwa kwa sababu amemhudumia mgeni aliyekutwa na maradhi alipwe ujira wa siku zile. Mengine yote nitakayoyasema humu yanategemea hilo.

Majirani zetu wa Kenya wameshatuonesha yanayotokea pasipo na kanuni kama hiyo. Mwezi wa Machi 2020 abiria waliotua Nairobi walipelekwa mahotelini na kwenye mabweni ya vyuo, na bili ikawafuata. Kwenye vituo vya serikali ilikuwa shilingi 2,000 za Kenya kwa siku. Wapo waliomaliza siku zao wakaambiwa hawatoki mpaka walipe. Wengine waliongezewa siku kwa kuwa mwenzao wa chumba cha pili amekutwa na virusi, na siku zikiongezeka na bili inaongezeka. Aprili tukaona picha za watu wakiruka ukuta wa chuo cha mafunzo ya tiba mjini Nairobi, usiku, na mabegi mgongoni. Mwezi wa Mei serikali yao ikatangaza kwamba gharama za vituo vya umma itazibeba yenyewe, lakini huku mitaani watu walishajifunza kukikimbia kipimo chenyewe. Mtu alikuwa haogopi jibu, anaogopa bili inayokuja na jibu.

Wazee wetu wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini ukimtoza mtu kwa kuugua umemnunulia sababu ya kuficha. Jirani yangu mmoja alikuwa akifanya kazi ya usafi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Zama zile za corona akapata homa na kikohozi. Alikuwa kibarua, hana mkataba. Aliambiwa akae nyumbani, akipona arudi, na siku za nyumbani hazina malipo. Akanywa dawa za kushusha homa na akarudi kazini kesho yake. Ana watoto wa skuli, na duka la mangi halikubali cheti cha daktari. Nisingependa kumlaumu, na wewe pia, Mheshimiwa, sidhani kama utamlaumu.

Sasa kuhusu sheria. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007 na zinazoifunga Jamhuri yetu ya Muungano, zina kifungu cha 40 ambacho wachache wanakitaja. Kinasema kwamba msafiri hatozwi kwa uchunguzi wa afya ambao nchi inautaka ili ijue hali yake, wala hatozwi kwa kutengwa au kuwekwa karantini. Wanaokuja kutafuta ukaazi wametolewa humo. Na nchi imeruhusiwa kutoza huduma ambazo zaidi ni kwa faida ya msafiri mwenyewe. Kwa hiyo ile PCR ya kuondokea, kipimo cha corona cha maabara, ambayo mgeni anaitaka ili apokelewe kwao, atozwe; sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kipimo tunachokitaka sisi, kwa usalama wetu, halafu tukampa bili yeye.

Najua mataifa makubwa yalikipita kifungu hicho bila ya kugeuka. Uingereza mwezi wa Februari 2021 ilimtoza mtu mzima mmoja pauni 1,750 kwa siku kumi za hotelini. Lakini Uingereza hiyohiyo ilikuwa ikiwalipa mamilioni ya wafanyakazi wake sehemu kubwa ya mishahara wakae nyumbani. Tukiiga, tusiige nusu ile yenye bili tu.

Fedha zitoke wapi? Hapa nadhani nina jibu ambalo mwaka 2020 halikuwepo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni anayeingia Zanzibar kutoka nje anakata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44, na inamlinda kwa siku 92. Mwaka 2024 wageni walizidi laki saba. Zidisha mwenyewe: hata ukiwatoa watoto na waliosamehewa, zinazungumzwa dola milioni kadhaa kila mwaka, na wageni laki saba wakilipa wote ni zaidi ya milioni 30. Sisi madereva ndio tunaoulizwa maswali ya bima hiyo, kwa sababu mgeni akishakaa kwenye gari ndipo anapokumbuka kuwa amelipa. Anataka kujua amelipia nini. Naomba iongezwe sentensi moja, kwa herufi zinazosomeka: serikali ikikuweka karantini Zanzibar, bima hii inalipia chumba, chakula na vipimo mpaka utakapotoka. Ya pili ifuate hapohapo: sehemu ya fedha hizi itawekwa akiba kwa ajili ya ujira wa mfanyakazi atakayezuiliwa kwa sababu yako. Mgeni hatachukia. Nimebeba wengi, na ninachokiona ni kwamba mgeni hukasirishwa na malipo asiyoyaelewa, si na malipo yenyewe.

Watu watauliza kibarua asiye na mkataba atalipwa kwa njia gani. Kwa njia ileile wanayolipwa wazee. Tangu mwaka 2016 serikali hii inawalipa pensheni jamii wazee wa miaka 70 na zaidi, mtu mmoja mmoja, Unguja na Pemba, na orodha zinaanzia kwenye shehia. Sheha anajua nani anafanya kazi hoteli gani hata kama mwenye hoteli hajui jina lake la pili.

Turudi kwenye kipimo, maana hapo ndipo watu wanapodanganyana kwa adabu. Mwaka 2021 utaratibu ulikuwa mgeni aje na PCR isiyozidi saa 72, kisha achukuliwe kipimo cha haraka anapotua. Mbele ya kamera ilipendeza. Lakini kipimo cha haraka kinamkuta yule ambaye virusi vimeshakuwa vingi puani. Aliyeambukizwa juzi kwenye foleni ya kubadilisha ndege, hakimuoni, na PCR yake ya siku tatu nyuma haina habari naye. Corona ya mwanzo ilikuwa ikichukua kama siku tano kwa wastani kabla ya dalili, na ikiweza kufika 14. Mgeni wetu wa kawaida anakaa kama wiki. Chukua mgeni anayetua Jumamosi akiwa salama kwa karatasi. Jumatatu yuko Jozani na kima punju, Jumanne Kizimkazi kwenye pomboo, Jumatano shamba la viungo Kizimbani akionjeshwa matunda mkononi. Alkhamisi ndipo virusi vinapokuwa tele, na anayekuja kuvigundua ni kipimo cha kuondokea, kile alichokilipia ili awalinde watu wa kwao. Sisi tuliokuwa naye wiki nzima hatupigiwi hata simu.

Kwa hiyo kwa maradhi ya namna ile naomba kipimo cha pili, siku ya nne au ya tano, hukohuko hotelini, bure. Na kila hoteli, kampuni ya watalii na mwenye boti aandike nani amemhudumia nani, siku gani. Daftari la shilingi elfu mbili linatosha. Daftari hilo litaaminika pale tu ambapo anayeandikwa humo anajua kwamba jina lake likiitwa atalipwa. La sivyo tutaandika majina ya uongo, na nasema hivi nikiwa miongoni mwa watakaoandikwa.

Na karantini ya siku 14 kwa mgeni aliyekata tiketi ya usiku saba tusiite karantini. Huko ni kufunga kisiwa. Kama ni kufunga, tufunge na tuseme tumefunga, kama tulivyofanya Machi 2020 kabla ya kufungua tena Juni. Mtoto wa chuo cha Qurani anakijua kisa cha Sayyidna Umar aliyegeuza msafara njiani, asiingie Sham baada ya kusikia tauni imeingia kule, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu akajibu kwamba anaikimbia kadari kwenda kwenye kadari. Kufunga mlango kuna asili kwetu, hakuna wa kukuonea haya kwa hilo. Karantini ya siku nyingi inamfaa mwenyeji anayerudi kutoka Maskati, Dubai au London, ambaye hana ndege ya kumsubiri wiki ijayo. Na yeye huwezi kumwambia ajitenge nyumbani kama nyumba yenyewe iko mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, ina watu wanane na choo kimoja.

Nimetaja corona mno. Sheria isiandikwe kwa ajili ya corona tu. Marburg, iliyoingia Kagera mwaka 2023 na tena Januari 2025, haisafiri kwa pumzi za ndani ya gari. Inataka kugusana na majimaji ya mgonjwa, na inaweza kukaa siku 2 mpaka 21 kabla ya kuonesha dalili. Kumchoma puani kila anayeshuka kwenye ndege kwa maradhi kama hayo ni kupoteza vifaa. Kinachotakiwa ni kujua ametoka wapi, ameshika nini, na kumfuata kwa siku 21 kwa simu na kwa mguu. Tena tazama: Kagera si nchi ya nje. Anayetoka Bukoba anafika Dar es Salaam, anapanda boti, anateremka bandari yetu ya Malindi, hapa Unguja, na meza ya kimataifa ya Kisauni haimhusu.

Hapa ndipo panapohitaji uungwana wa serikali mbili. Usafiri wa anga na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Afya si ya Muungano. Kwa hiyo abiria mmoja, ndani ya jengo moja, anapita kwenye mikono ya serikali mbili kabla hajaliona jua la Kiembe Samaki. Mwaka 2021 kuna wakati kipimo kilekile cha haraka kilikuwa dola 10 Bara na dola 25 huku kwetu. Mgeni mwenye akili atatua wapi? Atatua Dar, aje kwa boti. Kipindupindu kikubwa cha mwaka 1869, kilichoua watu wengi Unguja, nacho hakikuja na meli za Arabuni zilizokuwa zikiangaliwa. Kilipita bara, kikateremka pwani ya Pangani, kikavuka. Na hatujazitaja bandari za Mkoani na Wete, wala wavuvi wa Pemba wanaokwenda dago, yaani kambi za uvuvi za msimu, pwani ya Kenya na kurudi kwa upepo wao. Hao nao wawemo, na wawemo kwa kulipwa, maana mvuvi akisikia kuna kuzuiliwa bila ya riziki atashukia ufukwe ambao hauna ofisa.

Lipo jambo moja ambalo ni zito kulisema, na nalisema kwa heshima. Mtu wa kawaida huficha maradhi kwa kuogopa gharama, na serikali nazo huficha kwa sababu hiyohiyo. Mwezi wa Mei 2020 takwimu za corona za nchi zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikabaki hapo kwa mwaka mzima na zaidi. Ndege za watalii zikaja, tukafanya kazi, tukashukuru Mungu. Tarehe 31 Januari 2021 chama chake Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kikatangaza hadharani kwamba yeye na mkewe wamekutwa na corona. Tarehe 17 Februari akafariki, akazikwa kwao Mtambwe. Wapemba na Waunguja waliomlilia siku ile hawakuwa na haja ya takwimu. Mwezi huohuo Waziri wa Afya wa Omani akasema asilimia 18 ya abiria wanaotoka Tanzania wanakutwa na virusi, na Omani ikatufungia milango. Maskati, Mheshimiwa! Pahala ambapo nusu ya Unguja ina shangazi. Hesabu yetu tukasomewa na wenyeji wa watu wengine, kwenye kiwanja chao cha ndege.

Rais Samia alipoingia aliunda kamati ya wataalamu, na Mei 2021 masharti mapya ya wasafiri yakatoka kwa maandishi. Tulipumua. Naomba safari nyingine tusingojee mpaka watu wafe. Siku dharura itakapotangazwa, Wizara itoe kila siku hesabu mbili, kwa kila mlango: wangapi wamepimwa na wangapi wamekutwa, Kisauni, Malindi, Chake Chake, Mkoani. Bili ikiwa imeshajulikana inalipwa na nani, hakutakuwa na sababu ya kuzikalia.

La pahala pa kuwekea watu sina mengi, ila yapo. Changuu, ambayo leo tunawapeleka wageni kutazama kobe, ilikuwa karantini ya meli. Abiria walikuwa wakisubirishwa pale kwa khofu ya homa ya manjano na maradhi mengine, na lile jela lenyewe lililojengwa kule halikupata wafungwa. Sisemi tuirudie. Nasema kituo kijulikane mapema ni kipi Unguja na kipi Pemba, na kikaguliwe kikiwa kitupu. Kifungu cha 32 cha Kanuni zilezile kinataka aliyezuiliwa apewe chakula na maji ya kutosha, malazi, ulinzi wa mizigo yake, matibabu, na njia ya kuwasiliana kwa lugha anayoielewa, na jinsia na mila zake zizingatiwe. Kwetu maana yake ni wanawake wahudumiwe na wanawake, chakula kiwe halali, mwezi wa Ramadhani daku ifike kabla ya adhana na siyo pamoja na chai ya saa mbili, na mtu akifiwa nje huku yumo ndani awepo wa kumfikishia habari kwa utu. Haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji mtu aliyepewa jukumu kwa jina.

Wazee wetu waliokwenda Hijja mwaka 2022 walijua kabla ya kukata tiketi kwamba wenye miaka 65 na zaidi hawaruhusiwi, na kwamba PCR iwe ya saa 72. Iliwauma wengi. Lakini ilikuwa imeandikwa, na hakuna aliyeijulia kwenye mlango wa ndege. Mheshimiwa Rais Mwinyi ni daktari kwa taaluma, na wewe una wataalamu chini yako. Sidhani kama kinachokosekana ni ujuzi.

Ninachokiomba kiletwe Baraza la Wawakilishi ni kifupi: karantini bila ya bili, ujira kwa mfanyakazi aliyezuiliwa, akiba kutoka kwenye bima ya wageni, kipimo cha pili pale maradhi yanapokitaka, hesabu za kila siku, na makubaliano ya maandishi na Bara kuhusu boti. Nakala ya mwanzo iwe ya Kiswahili. Ibandikwe kwa masheha wa Nungwi, Paje, Makunduchi, Mkoani na Wete, na kwenye ukuta wa maegesho ya magari pale kiwanjani, kabla haijafasiriwa kwa ajili ya maonesho ya utalii ya Ulaya. Maegesho hayo yana ubao wa matangazo, na kwa sasa una tangazo moja tu, la ada ya kuegesha.

Wako,
Dereva wa wageni,
Kiembe Samaki, Unguja